Hesabu masaa, kilomita ziache mpaka Mei

Hii ni hotuba niliyoitoa Novemba hapa Leeds mbele ya wenzetu wa Afrika Mashariki wanaojiandaa na triathlon mwakani, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo. Wengi waliokosa kuja waliniomba niiandike, nimeiandika karibu vilevile nilivyoongea.

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za jioni. Asanteni sana kwa kuja, najua nje kunanyesha tangu asubuhi na wengine mmetoka kazini moja kwa moja hamjala, chai ipo pale nyuma na maandazi yapo, chukueni tu wakati naongea sitakasirika.

Tangu saa zirudishwe nyuma mwisho wa Oktoba, meseji zinazoingia kwenye simu yangu ni za aina moja, "kaka baiskeli nimeshaiweka stoo, tutaonana Machi". Na kila nikisoma moyo unauma, maana hao watu nawajua, niliwaona Agosti wakipanda kile kilima cha Otley wanahema mpaka machozi yanatoka na hawakushuka kwenye siti, watu wa namna hiyo leo wanataka kuipoteza kazi yote ile kwa sababu ya kibaridi. Kwa hiyo nimekuja kuwaomba kitu kimoja tu jioni hii. Ile safari ndefu ya baiskeli ya wikiendi msiiache. Mnaruhusiwa kuifupisha, kuipunguza mwendo, kuisogeza iwe Jumatano, hata kuifanyia ndani ya nyumba, ila kila wiki iwepo.

Tuangalie hesabu. Wengi humu mmejiandikisha Tenby kule Wales, Septemba, mbio ndefu kabisa, kuogelea kilomita 3.8 baharini, baiskeli kilomita 180, halafu unakimbia 42.2. Kwa watu kama sisi wenye kazi na watoto baiskeli peke yake ni masaa saba, wengine nane, yaani karibu nusu ya siku nzima ya mashindano uko kwenye siti. Sasa ukiiweka stoo Novemba ukaitoa Machi mwishoni hiyo ni miezi mitano, na mazoezi ya uvumilivu hayawekwi benki, mwili ukikaa wiki chache tu unaanza kurudisha ulichojenga. Kinachojengwa kwenye ile safari ndefu ya polepole ni vitu ambavyo havionekani kwenye kioo, mishipa midogo midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, vile vinu vya kutengeneza nguvu ndani ya seli vinaongezeka, mwili unajifunza kuchoma mafuta ukatunza sukari kwa ajili ya baadaye. Vyote hivyo vinataka muda tu, muda mwingi wa taratibu, na muda mwingi wa taratibu ndiyo kitu ambacho msimu wa baridi unakupa bila ugomvi, maana hakuna mashindano, hakuna anayekukimbiza. Na bado sijazungumzia mgongo na shingo na makalio, jamani, makalio yaliyopumzika miezi mitano hayakubali masaa saba ya siti kwa kubembelezwa.

Mimi nimekulia Shinyanga, wanaopajua wanajua, kule baiskeli ni mguu wa pili, watu wanabebwa, mkaa unabebwa, mgonjwa anabebwa. Marehemu baba alikuwa anapeleka mpunga mjini kwa baiskeli ya Phoenix, gunia limelala nyuma limefungwa kwa mipira ya tyubu za zamani, na mvua zikianza ile njia inakuwa tope la mbuga nyeusi, linashika kwenye tairi mpaka gurudumu haligeuki. Sikumbuki hata mwaka mmoja ambao baba alisema mvua imeanza nasubiri ikatike. Alichokuwa anafanya ni kuondoka jua likishatoka badala ya alfajiri, gunia linavikwa turubai, kijiti cha kukwangulia tope kinachomekwa pale kwenye fremu, na kama kiangazi alikuwa anatumia masaa mawili basi mvua anatumia manne na hakuna aliyemuuliza kwa nini umechelewa. Kile kijiti nakifikiria sana nikiwa huku, kila mwaka ikifika Novemba.

Sasa tuje kwenye kosa ambalo naliona kila mwaka. Mtu anatoka Desemba njia ileile ya Agosti, masaa manne, anarudi anaangalia saa yake, Agosti alipata kilomita 105, leo 84. Anaogopa. Anadhani nguvu zimeisha. Wikiendi inayofuata anajilazimisha, anasukuma kwa hasira, jasho linamtoka ndani ya koti, jasho linapoa, Jumanne ana mafua, wiki mbili hatoki, halafu ndiyo ile meseji ya stoo inakuja. Na nguvu wala hazikuisha! Hewa ya nyuzi sifuri ni nzito kuliko ya nyuzi 20 kwa karibu asilimia 7, hiyo unaisukuma kwa kifua chako njia nzima, juu ya hapo umevaa nguo tatu zinazokamata upepo, tairi ni nene, lami imelowa, umeongeza madigadi na taa na begi la zana. Mwili uleule, kazi ileile, kilomita chache. Ndiyo maana nasema mpaka Mei hesabu masaa. Mimi kuanzia Novemba nabandika plasta kwenye kioo cha saa ya baiskeli pale penye spidi, natazama muda na mapigo ya moyo basi, na kipimo kikubwa zaidi ni mdomo, kama naweza kumsimulia mwenzangu stori yenye mwanzo na mwisho bila kukata pumzi niko sawa, nikianza kujibu "eeh" na "mmh" nimezidisha.

Ratiba yangu ni ya kawaida sana. Novemba masaa mawili na nusu, Desemba matatu, Januari matatu na nusu, Februari manne, mara moja kwa wiki, na kila wiki ya nne napunguza nusu mwili upumue. Basi. Katikati ya wiki ni vipande vifupi vya ndani. Mwanga wenyewe unakulazimisha kuwa na adabu, mwishoni mwa Desemba hapa Leeds jua linatoka saa mbili na dakika ishirini hivi asubuhi na saa kumi kasorobo jioni limeshazama, kwa hiyo ukiondoka saa tatu na nusu ukarudi saa saba umepita salama katikati, na barabara imeshapata kaujotojoto kidogo. Taa washeni hata mchana, nyeupe mbele nyekundu nyuma, ukungu wa huku mnaujua.

Njia nayo ibadilike. Najua mnapenda kwenda juu huko Ilkley, Bolton Abbey, Burnsall, ni pazuri hakuna ubishi, na tangu Tour de France ya 2014 ianzie hapa Leeds kila mwenye baiskeli anataka kupita kwenye vilima vya Yorkshire. Ila kwa baridi kilima kina ubaya wake, ukipanda unaloa jasho, ukishuka upepo unaligandisha lile jasho mwilini. Hata kwenye tambarare, hewa ya nyuzi 3 ukienda kilomita 30 kwa saa ngozi yako inasikia kama nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, sasa fikiria unashuka kwa 55. Kwa hiyo mimi Desemba na Januari nageukia mashariki, Wetherby, Tadcaster, zile njia za bondeni kuelekea York, kule ni tambarare, miguu haipumziki hata dakika na hicho ndicho tunachokitaka, ila muangalie mto Wharfe, ukijaa maji yanaingia barabarani. Na jambo la pili, nazunguka duara mbili badala ya kwenda mbali na kurudi, ili popote nilipo nisiwe zaidi ya saa moja kutoka nyumbani. Hili nililipata kwa kuumia, ngoja niwasimulie.

Januari moja nilikuwa peke yangu karibu na Burnsall, nyuzi 2, manyunyu yale ya huku ambayo hayaonekani ila yanakulowesha mpaka mfupa, na nimetoka nyumbani kilomita kama 50. Tairi ya nyuma ikaisha upepo. Nikashuka, nikavua glovu zilizoloa nikaziweka juu ya ukuta wa mawe, nikaanza kutoa tairi. Dakika tatu za kwanza vidole vinauma, baadaye vikaacha kuuma, hapo ndipo nikaogopa kweli. Ile kofia ndogo ya valvu, kitu kidogo kama punje ya dengu, nilikuwa naiona kwa macho kabisa lakini vidole havijui kama vimeishika au havijaishika, naizungusha hewani. Nikaitoa kwa meno. Tairi kuivua kwenye rimu nikashindwa, mikono haina nguvu ya kuminya, nikawa napiga kwa kisigino cha kiganja kama mtu anayepiga mlango. Mwili ukianza kupoa katikati unanyang'anya damu ya mikononi na miguuni ili moyo na ini vibaki na joto, ndivyo tulivyoumbwa, na huwezi kubishana nao ukiwa umesimama kwenye manyunyu na jezi iliyoloa. Alitoka mama mmoja wa shamba la jirani, mtu mzima, akanitazama mara moja tu, hakuuliza jina, akaniingiza jikoni kwake akaniwekea mikono juu ya jiko la chuma, wala siyo karibu sana, akanivuta nyuma kidogo kama unavyomvuta mtoto. Zile dakika ambazo damu inarudi vidoleni sitaki hata kuzielezea. Mungu ampe maisha marefu mama yule.

Tangu siku hiyo nina mambo ambayo siyavunji. Natembea na glovu pea tatu, moja mkononi, na mbili kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri mgongoni, na ndani ya zile nene navaa zile nyembamba za mpira kama za hospitali, wengi wenu mnafanya kazi kwenye nyumba za wazee mnazijua, zinazuia upepo na maji kwa kiasi cha kushangaza. Nikisimama kwa sababu yoyote ile cha kwanza navaa koti, kabla sijagusa hata tairi, koti kwanza. Na nabeba tyubu mbili nzima, viraka vinataka kukausha gundi na kwenye mvua havishiki.

Miguu watu wanaikosea kwa kuongeza soksi. Ukivaa soksi tatu kwenye kiatu kilekile kiatu kinabana, damu haipiti, unapata baridi zaidi kuliko wa soksi moja. Soksi moja ya sufu, kiatu kilegee kidogo, halafu geuza kiatu uangalie chini, viatu vingi vya baiskeli vina vitundu vya kupitisha hewa kwenye soli, vizibe na utepe kwa ndani, juu yake vaa zile soksi za mpira za kufunika kiatu. Mwilini singlendi ya sufu ndiyo ianze, pamba hapana, pamba ikinywa jasho inakaa nalo. Na ukitoka mlangoni dakika kumi za kwanza usikie kabaridi, ukisikia joto la raha hapo mlangoni umevaa kupita kiasi na utaloa kabla hujafika Harewood.

Chakula nacho. Kwa baridi kiu haikujii, unaweza kumaliza masaa matatu na chupa imejaa vilevile, na huku mwili unapoteza maji, kwenye pumzi, kwenye mkojo ambao baridi inauongeza, kwenye jasho usiloliona. Mimi naweka chai ya tangawizi na sukari kwenye chupa inayotunza joto, nakunywa kila dakika 20 nitake nisitake. Kula gramu kama 60 za wanga kwa saa, ila zile chokoleti na vipande vya dukani vinagandamana vinakuwa jiwe, na kashata vilevile nimejaribu, karibu nivunje jino. Tende hazigandi. Viazi vidogo vya kuchemsha vyenye chumvi, ukivifunga kwenye foili ukaviweka mfukoni karibu na mgongo, vinabaki na uvuguvugu saa nzima na unaona kabisa furaha inarudi usoni kwa mwenzako ukimpa kimoja. Halafu, nje ya baiskeli kidogo, serikali ya huku inashauri watu wote wafikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kwa siku kuanzia majira ya kupukutisha majani mpaka baridi iishe, na sisi wenye asili ya Afrika tufikirie mwaka mzima, maana ngozi yetu inataka jua zaidi kuitengeneza na jua la huku haliitoshi. Muulizeni daktari wenu, ni kitu cha bei ndogo.

Baiskeli yenyewe, wekeni madigadi marefu, na la nyuma likae chini kabisa karibu na lami, siyo kwa ajili yako, ni kwa ajili ya ndugu aliye nyuma yako ambaye anakula maji ya gurudumu lako masaa matatu. Tairi za milimita 28 au 32, upepo mjaze pungufu kidogo kuliko kiangazi. Na mkirudi, hata kama mmekufa kwa uchovu, ndoo ya maji ya uvuguvugu mmwagie cheni na breki, ile chumvi wanayomwaga barabarani inakula chuma usiku ule ule unapolala.

Sasa nakuja kwenye barafu, hapa naomba mnisikilize vizuri hata wa maandazi. Mvua tunatoka. Upepo tunatoka, tunabadilisha tu njia. Barafu hatutoki. Na barafu ya huku ni ile isiyoonekana, lami inang'aa kama imelowa tu. Simu yako inaweza kukwambia nyuzi 2 juu ya sifuri na barabara imeganda, kwa sababu usiku wa anga jeupe lisilo na mawingu lami inapoteza joto lake lote kwenda juu na inakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Sehemu mbaya ni daraja, chini ya miti, na pembeni ya kuta za mawe ambapo jua halijafika. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa sita kwenye ile barabara ya Arthington, jua linawaka zuri, tunacheka, tukaingia kwenye kivuli cha ukuta, mita 15 tu za kivuli, na dada aliyekuwa mbele hakupiga hata kelele, baiskeli ilimtoka tu chini kama mtu amevuta zulia. Alivunjika kifundo cha mkono. Kuogelea hakurudi mpaka Aprili. Ni mimi niliyesema asubuhi ile twendeni, simu inasema nyuzi 3, na mpaka leo naubeba ule mkono wake.

Siku za namna hiyo kuna mashine ya ndani, ile unayofunga gurudumu la nyuma. Wengine wanaidharau, mimi naiheshimu. Ndani hakuna kuserereka, hakuna taa nyekundu, hakuna mteremko, kila dakika unakanyaga, kwa hiyo masaa mawili na robo ya kweli mimi nayahesabu kama matatu ya nje. Feni kubwa iwake usoni, dirisha wazi, taulo mbili, na kama unatumia Zwift, ile programu ya kuendesha na wenzako kwa mtandao, basi mtafute mwenzako mwende pamoja, maana anayeiacha mashine mara nyingi ameachishwa na upweke. Nje pia ni hivyohivyo. Akina Brownlee, Alistair na Jonny, wamekulia hapahapa pembeni mwa Leeds, Alistair dhahabu ya triathlon ya Olimpiki 2012 na 2016, mdogo wake shaba halafu fedha, na sehemu kubwa ya kazi yao waliifanya kwenye barabara hizihizi zenye mvua hii mnayoisikia juu ya bati sasa hivi, ndugu wawili wakipishana mbele na nyuma.

Kuna dada ameinua mkono ameuliza, na mimi shifti zangu ni za usiku wikiendi nzima, nafanyaje? Dada yangu, nakushukuru kwa kuuliza maana nusu ya chumba hiki wana swali hilo. Ukitoka shifti ya usiku usipande baiskeli barabarani, tafadhali, mtu aliyekesha hana tofauti na mlevi. Lala kwanza. Safari yako ndefu ihamie siku yako ya mapumziko, iwe Jumanne iwe Alhamisi, na kwenye lile kundi letu la simu andika tu "Alhamisi nipo", mimi Alhamisi asubuhi huwa sina kazi na tuko wengine watatu, hutaenda peke yako. Na kama wiki imekataa kabisa, igawe, saa moja na nusu ya ndani asubuhi, saa moja na nusu jioni ileile, hiyo nayo imehesabika.

Jumapili hii tunaondoka Roundhay Park saa tatu na nusu, masaa mawili na nusu, mwendo wa kuongea, njia ya Wetherby. Kila mtu glovu pea mbili angalau, anayekosa aniambie leo, ninazo za ziada kwenye gari. Saa moja asubuhi nitatoka nje ya nyumba yangu na tochi, nitainama pale kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, nitaweka kiganja kwenye lami, halafu nitawaandikia kama tunatoka au tunafunga gurudumu ndani.